Hatua Moja Nyuma

Mimi sijawahi kupenda ndondi, na mpaka leo sizipendi. Lakini mtu akiniambia Kochi Wanjala alikuwa mwoga, nitamjibu vibaya. Hapa Noonkopir walimwita hivyo tangu mwaka wa 1996, eti kwa sababu hakupenda kurushiana ngumi. Alipenda kumkumbatia mpinzani: mkono mmoja nyuma ya shingo, mwingine umebana kiwiko, paji la uso begani, kisha anamlalia kwa uzito wote mpaka pumzi zimwishe.

"Mtu ukimshika vizuri hawezi kukuumiza," aliwafundisha vijana katika ukumbi wa kanisa. "Na refa akisema 'Break!' unaachilia, unarudi nyuma hatua moja. Hapo hakuna maneno."

Hata hivyo, ngumi alizokula zilitosha kumharibu ubongo. Kufikia 2004 mikono ilitetemeka, alipotea njia ya kurudi nyumbani, na hasira zilimpanda bila sababu. Tulikaa ploti moja, ukuta kwa ukuta. Nilimwona mkewe Nelima, mwanamke mwembamba wa kuchuma maua shambani, akimwingia kifuani, mkono shingoni, paji begani, akimng'ang'ania mpaka atulie. Kisha anasema polepole, "Break." Wanjala anaachilia, anarudi hatua moja, anaomba chai.

Majirani walicheka. Nilitamani kuwazaba vibao. Adhabu ya kaburi aijua maiti.

Juni 2006, Nelima akiwa kazini, Wanjala alimpiga binti yao Shirleen, wa miaka tisa, akamvunja taya. Wiki hiyo hiyo Nelima alimpigia simu shemeji yake Nalianya aje amchukue ndugu yake, ampeleke kwao Bungoma, ambako hatakosa mtu wa kumwangalia mchana kutwa.

Nalianya alifika Jumamosi asubuhi na gari la kukodi. Mkononi alikuwa na kamba.

"Shemeji, huyu tusipomfunga hatufiki hata Athi River."

"Hiyo kamba funga nayo ng'ombe," Nelima akamwambia.

Wanjala aliona mfuko wa nguo zake mlangoni, akaelewa. Hakupiga mtu. Alimkumbatia mkewe: mkono shingoni, kiwiko kimebanwa, paji begani. Nalianya alivuta, dereva alivuta, hata mimi nilivuta. Tulikuwa kama tunang'oa kisiki.

"Mama Shirleen," alisema, "nikikushika vizuri huwezi kuniumiza."

Nelima alilia kwa sauti. Mimi pia nililia, na sioni haya kusema. Sote pale tulijua neno la kumwachilisha, na tulijua angelisikia kwa mtu mmoja tu. Nelima alimpapasa kisogo kwa muda mrefu, mpaka dereva akatazama pembeni.

"Break," akasema.

Mikono ikalegea. Wanjala akarudi nyuma hatua moja, akainua ngumi zake kidevuni, akasimama hapo akimtazama, akingoja pambano liendelee.