Tulivyokwenda Vihingo Kukandika Ukuta wa Bi Mwajuma

Niliondoka nyumbani, mtaa wa Picha ya Ndege, kwa sababu shule ya mjukuu wangu Klaudia ilitaka mzazi mmoja wa kufuatana na watoto kwenye safari ya huduma, na mama yake yuko kazini Dar kutwa. Shule ni ya masista. Kila mwaka huwapeleka wanafunzi kwa watu wenye shida wakafanye kazi kwa mikono. Mara hii ilikuwa Vihingo, wilaya ya Kisarawe, kwa mjane anayeitwa Bi Mwajuma. Ukuta wa nyumba yake ulikuwa umemomonyoka upande mzima, zimebaki fito tu, na masika yalikuwa karibu. Mvua ingewahi kabla haujakandikwa, nyumba ingelala chini. Hilo nililielewa. Nimesoma mpaka darasa la nne, lakini nyumba ya udongo naijua.

Asubuhi getini kwa shule nilianza kuchoka kabla hata ya kupanda basi. Watoto walibeba kreti za soda, spika ya muziki na vijiti vya kupigia picha. Majembe yalikuwa mawili. Mawili, basi zima!

"Mwalimu," nikamwuliza Mwalimu Deo, mkuu wa msafara, "hawa wengine watakandika kwa midomo?"

Akacheka. "Bibi, kikubwa ni moyo."

Ubavuni mwa basi walikuwa wametundika bango la kitambaa, herufi nyekundu, nzuri kama za kitabu: TUWAHUDUMIE WASIOJIWEZA. Klaudia ndiye aliyeliandika. Nilijivuna, siwafichi. Niliwaambia wazazi wote waliokuja kuaga, hata wale ambao hawakuuliza.

Mlandizi tuliiacha lami tukashika barabara ya vumbi. Tukifungua madirisha vumbi linaingia, tukifunga tunaiva. Spika inabwata, basi linaruka, kiuno changu kinalia. Kijana mmoja akaniuliza kama huko tuendako kuna mtandao. Nikamwambia huko kuna udongo.

Vihingo tulifika jua limeshakuwa kali. Bi Mwajuma alikuwa amejiandaa zamani. Udongo umechimbwa, madumu ya maji yamejaa, na sufuria kubwa la mihogo linachemka kwa ajili ya wageni. Watoto wakashuka wakiimba, wakalishika bango, wakasimama nalo mbele ya mlango wake wapigwe picha.

Yeye akasubiri wimbo uishe. Kisha akamwita Klaudia, aliyekuwa karibu naye.

"Mjukuu, macho yangu hayasomi. Hapo mmeandika nini?"

Klaudia akasoma kwa sauti, kama yuko darasani.

"Wasiojiweza ndio akina nani?"

Mtoto akatazama bango, akamtazama yeye. "Ni... ni ninyi, bibi."

Bi Mwajuma hakupiga kelele. Aliyaokota yale majembe mawili akayarudisha mlangoni mwa basi.

"Mwanangu mwalimu, ahsanteni. Rudini salama. Ukuta ni wangu, nitajua mwenyewe."

Mwalimu Deo akaanza kueleza kwamba neno lile halina ubaya, linatumika hata kwenye semina. Kila alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuharibu.

"Mwalimu," nikasema, "hebu funga mdomo kidogo."

Bi Mwajuma akanigeukia. "Na wewe unayefunga watu midomo uani kwangu, umetoka wapi?"

"Tabora. Mnyamwezi."

Uso ukambadilika. "Ahaa, mpagazi! Na mzigo umeutua wapi?"

Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipobeba mizigo ya watu hadi pwani; tukikutana hata msibani tunatukanana. Nikamshukuru Mungu, nikajibu, "Mzigo si ndio huu ukuta wako, Mzaramo wee! Kutwa mko ngomani, nyumba atakandika nani?"

"Mwoneni! Na meno yenyewe kaazima!"

"Yako uliyauza ukanunua kanga!"

Mwalimu Deo akajitupa katikati, mikono juu. "Mama zangu, jamani, tusilete ukabila mbele ya watoto!"

"Utani huo!" tukamkemea kwa pamoja.

Nikadhani yamekwisha, nikavua viatu. Bi Mwajuma akanishika mkono.

"Wewe mtani ingia kwenye udongo, hiyo ndiyo faini yako. Hawa bado. Wewe umenitukana tukacheka. Huyu mtoto hakuwa anatania."

Ulimi uliniwasha kumsemea mjukuu wangu, nikauzuia. Klaudia akaliweka bango chini, akapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

Ndipo nikashtuka. Basi zima tumeshuka, tumeimba, tumepiga picha, na hakuna aliyemwamkia mwenye nyumba. Hata mimi mtu mzima.

Bi Mwajuma akaitikia, "Marahaba. Jina lako?"

"Klaudia. Nisamehe, bibi. Niliandika kabla sijakujua."

"Haya. Kunja sketi hiyo. Utakanyaga udongo mpaka nikwambie basi."

Mchana kutwa tulikandika. Mmoja anapiga mayowe kwa sababu ya mnyoo, mwingine anauliza glavu ziko wapi, Mwalimu Deo anakandika palipokwisha kukandikwa. Magoti yangu yaliniambia maneno ambayo hayaandikiki. Lakini fito zilifunikwa zote.

Jioni, njiani kurudi, Mwalimu Deo akamwuliza kila mtoto amejifunza nini. Upendo, wakasema. Mshikamano. Kujitoa. Nikatazama dirishani. Klaudia alikuwa akichokonoa udongo kwenye kucha zake. Tulipokaribia Mlandizi akaninong'oneza, "Bibi, ule ukuta utasimama?"

"Sijui," nikamwambia.

Mimi hakuna aliyeniuliza, basi naandika hapa. Nimejifunza kwamba msaada hauteremshwi nyumbani kwa mtu kama gunia la mkaa, unabisha hodi kwanza. Na kwamba mjukuu wangu mwandiko wake umetangulia akili, ila akili nayo inakuja.

Juma lililofuata mvua ilipiga kutwa. Klaudia akang'ang'ania simu yangu mpaka Bi Mwajuma, aliyeniachia namba yake, akapokea. Mtoto alipiga goti hapohapo sebuleni akamwamkia, kana kwamba anaonekana.

"Umesimama," nikamsikia Bi Mwajuma akisema. "Ila pale alipokandika mpagazi pamebonyea. Mwambie Jumamosi aje aparudie, na wewe umlete."