Matanga ya Bibi Damari, Aliye Hai

Ndugu zangu wa Muheza, kila mkinipigia simu hamkosi kuniuliza: hivi huko Dodoma, kwenye upepo na vumbi, mtu anayependa sinema kama wewe anaishije? Ninaishi vizuri tu. Kazi yangu ni kuchapa kumbukumbu za vikao, kutwa nzima maneno ya watu yako masikioni mwangu, kwa hiyo nikirudi nyumbani najifungia na filamu, na nazipenda zaidi zile ambazo watu wake hawasemi sana. Mwezi wa nane kulikuwa na tamasha dogo la filamu hapa mjini. Hilo ndilo lililonifungisha safari.

Siku ya kwanza ya tamasha nilinuna. Filamu iliyofungua ilikuwa ya watu kukimbizana na pikipiki, na kila baada ya muda kidogo tunapandishwa angani kuangalia mapaa ya nyumba. Siku hizi kamera ya kuruka imekuwa kama chumvi, kila mpishi anaimwaga. Iliyofuata ilikuwa ya mapenzi, wakaanza kulia kabla hata hawajagombana. Nikawa nimeshashika mkoba niondoke, ndipo ikaanza ya tatu.

Ilitengenezwa na binti aitwaye Neema, mzaliwa wa Mvumi. Bibi mmoja anamtafuta ng'ombe wake aliyepotea. Basi, ni hivyo tu. Anatembea kwenye miamba na miiba, chini ya anga jeupe, na upepo unamsukuma khanga. Mwishoni anarudi bila ng'ombe, anajilaza kwenye mkeka, anafariki. Wanawake wanakuja, wanaimba, anazikwa, linabaki kaburi na vumbi linalopita juu yake. Kisha kioo kinakuwa cheusi. Ukumbini hakuna aliyekohoa. Tulipiga makofi, tukatoka, nikasimama na soda yangu kama mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto.

Neema alikuwa amesimama karibu na mlango. Nikamfuata.

"Mdogo wangu, mwisho ule usiuguse hata kidogo."

Akacheka, lakini si kwa furaha. "Dada, ule ndio nitakaoukata."

Akanieleza. Anayeigiza ni Bibi Damari, mjane wa Mvumi, na katika filamu anatumia jina lake mwenyewe. Mmoja wa wanawake walioigiza waombolezaji alikirekodi kipande cha mazishi kwa simu, akakiweka kwenye status yake. Kikazunguka kwenye magrupu, na njiani mtu akakiandikia chini: Bibi Damari wa Mvumi hatunaye tena. Watu wakaja msibani kweli. Mmoja wao alikuwa mdogo wake, Mzee Yeremia wa Hombolo, ambaye hawakuwa wakisemeshana naye tangu aliposhindwa kufika kwenye mazishi ya mume wa dada yake. Alikuja analia, mfuko wa unga begani, akamkuta marehemu amekaa uani anabangua karanga. Majirani wakaangua kicheko. Yeremia akautua mfuko, akaondoka bila kunywa hata maji.

"Sasa Jumamosi naipeleka filamu Mvumi," Neema akasema. "Wenyewe hawajaiona. Bibi amesema mwisho utabaki kama Yeremia atakaa pembeni yake siku hiyo. Asipokuja, nimtoe kaburini. Ndivyo alivyosema: nitoe. Na mimi nimemwahidi."

Filamu hiyo ilikuwa imealikwa kwenye tamasha jingine, nje ya nchi. Nikaona ule mwisho wangu unakatwa kwa mkasi, moyo ukaniuma kana kwamba ni mimi niliyeutengeneza. Nikamwuliza anamfuata lini huyo mzee. Nikaomba lifti.

Jumamosi asubuhi tuliondoka Dodoma kwa pikapu ya mjomba wake Neema, projekta imefungwa katika blanketi kama mtoto mchanga. Kulikuwa na baridi ile ya kipupwe, na upepo unaofanya kila kitu kionekane kinasogea hata kama kimetulia. Nilitazama nje. Miamba mikubwa ilipita, ng'ombe wakapita, mama mwenye ndoo ya njano akapita, na kila nilichokiona kilinijia kana kwamba nimeshawahi kukiona gizani mahali fulani, nimekaa kwenye kiti. Ndivyo filamu ile ilivyonifanya wiki nzima.

Hombolo tuliingia wakati jua linaanza kupata nguvu. Bwawa la pale lilikuwa linang'aa kwa mbali, jeupe, bila kingo. Mzee Yeremia tulimkuta shambani kwake, anavuna zabibu. Ni mtu mrefu, mikono mirefu, anasema polepole. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuacha kukata vichala.

"Najua mmekuja kwa nini," akasema. "Zabibu hazisubiri, wanangu. Mkasalimie."

Mimi, kimbelembele, nikaingilia. "Babu, ni filamu nzuri sana. Mji mzima umeisifu."

Akaniangalia. "Nzuri? Mama, mimi nilianza kulia hapa hapa, nikalia mpaka Mvumi. Nimefika, naambiwa ni mchezo. Nzuri kwa nani?"

Aibu ilinishika. Neema ndiye aliyesema, taratibu, akichezea jani: "Babu, ule unga wako bibi hajaufungua."

"Unga gani?"

"Ule uliouleta msibani. Uko kwenye kona palepale. Anasema unga wa msiba wake mwenyewe hauli, na kuurudisha kwako hawezi."

Mzee alikata kichala kimoja, akakiweka kwenye kreti. Akakata kingine. Kisha akaelekea kwenye ndoo ya maji, akanawa mikono, akamwita mkewe, Mama Loyce, amletee koti.

Njiani kwenda Mvumi tulirudi mpaka barabara kuu, tukaivuka, tukashika njia ya vumbi kuelekea kusini. Yeremia alikaa dirishani. Nami nikasinzia. Katika usingizi huo mwepesi nilimwona bibi wa filamu anatembea kando ya gari letu, mwendo wake uleule, na gari halimpiti. Nilipofumbua macho alikuwa mwanamke mwingine kabisa, na kuni kichwani.

Mvumi tulipokewa kwenye ukumbi wa kanisa. Vijana wa kwaya walikuwa wametundika kitambaa cheupe mbele na kuziba madirisha kwa mablanketi na vitenge ili mchana ugeuke giza, lakini jua lilipenya kwenye matundu, miale ikakatiza juu ya vichwa vya watu, imejaa vumbi la rangi. Sijawahi kukaa kwenye sinema nzuri kama ile. Mzee wa kanisa aitwaye Hezroni alitukaribisha kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!" na ukumbi mzima ukaitikia.

Bibi Damari alikuwa benchi la mbele. Ni mdogo wa umbo kuliko alivyo kwenye filamu, na macho yake hayatulii. Alisogea kidogo, nafasi ikapatikana.

"Umefika," akasema bila kugeuka.

"Nimefika, dada."

Basi. Yeremia akakaa.

Filamu ikaanza, na mimi nikaanza kuteseka. Pale ambapo Dodoma tulikaa kimya kama tuko msikitini, Mvumi walizungumza tangu mwanzo mpaka katikati. "Huyo mbuzi si wa Hezroni?" "Bibi, njia ya kisimani umeipita, rudi!" "Khanga ile si alimwazima Yudith?" Nikataka kuwaambia shii, nikakumbuka mimi ndiye mgeni. Baadaye nikatambua kwamba hakuna hata mmoja aliyeondoa macho kwenye kitambaa. Walikuwa wanamtafuta ng'ombe pamoja naye.

Ulipofika wimbo wa mazishi, wanawake ukumbini waliupokea. Hawakuuigiza, waliuimba, sauti za kitambaani na za kwenye mabenchi zikachanganyika mpaka sikujua ipi ni ipi. Bibi aliyelala kwenye mkeka alifunikwa uso. Yeremia akainama mbele.

"Dada," akakiambia kitambaa. "Dada."

"Niko huku," Bibi Damari akasema pembeni yake, akamshika mkono.

Kitambaa kikawa cheusi. Mtu akafungua blanketi moja, mwanga ukaingia. Mimi na Neema tukasubiri makofi. Hakuna aliyepiga, wala hakuna aliyeinuka. Walikaa tu, wanatuangalia.

"Imekwisha," Neema akasema.

"Imekwisha vipi?" akauliza Mzee Hezroni. 

Bibi Damari akasimama. "Mmenizika," akatuambia sisi wawili, "halafu mnaondoka? Nani anaanua tanga?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, nao wakaacha. Mtu akishazikwa, watu hukaa, hula pamoja, ndugu husimama wakasema yao, ndipo msiba huondolewa. Hakuna asiyejua hilo, hata sisi Muheza. Lakini katika siku zote za tamasha, mimi na wajuzi wenzangu wa sinema tulimzika yule bibi, tukapiga makofi, tukaenda kunywa soda.

Mfuko wa unga ukaletwa kutoka nyumbani kwake, ukafunguliwa mbele ya watu. Ulikuwa unga wa uwele. Wanawake wakawasha moto nyuma ya ukumbi, na jua lilipoanza kulala tukala ugali na mlenda wa karanga, tumekaa chini, vumbi limetulia, kila uso una rangi ya dhahabu. Nilijiuliza kama bado niko ndani ya filamu. Neema hakuigusa kamera.

Kisha wakamwita Yeremia, kwa kuwa ndiye ndugu. Akasimama, akavua kofia.

"Siku ya kumzika shemeji nilifika mpaka pale njiapanda," akasema. "Mwaka ule shamba lilikataa. Sikuwa na hata debe la unga. Nikaona aibu kuingia kwenye msiba wa dada yangu mikono mitupu, nikarudi. Nikasema nitakuja nikipata. Nikipata, ikawa miaka. Niliposikia umekufa, dada, kitu cha kwanza nilichokamata ni unga."

Bibi Damari alimwangalia kutoka pale alipokaa.

"Jeneza hubebwa na mikono mitupu, Yeremia," akasema. "Siku ile upande mmoja tuliazima mtu."

Mzee akajifunika uso kwa kofia. Dada yake akainuka, akamkumbatia kiunoni, maana mabegani hafiki. Nililia, wala sikujificha.

Jumapili asubuhi, baada ya ibada, tulipokuwa tunapakia projekta, Bibi Damari alitoka na kifurushi chake, akapanda gari bila kualikwa, akakaa katikati yetu na mdogo wake. Neema akamwuliza kuhusu mwisho wa filamu.

"Uache ulivyo," akasema. "Lakini huko unakokwenda, usiwaache waondoke tu. Wakalishe, waseme."

Neema aliahidi. Atafanyaje mbele ya wazungu mimi sijui, ila binti yule akishaahidi kitu namwamini. Mimi nilichokipata katika safari hii ni hiki: nilidhani mwisho mzuri ni ule unaowaacha watu kimya. Ukimya wetu wa Dodoma ulikuwa wa watu waliomzika mtu wasiyemjua. Nitaendelea kuzipenda filamu zisizo na maneno, ndivyo nilivyo, lakini taa zikiwaka sitakimbilia mlango.

Hombolo tulifika mchana. Mama Loyce alisimama mlangoni, akaweka mikono kichwani, kisha akapiga kigelegele. Bibi Damari hakutaka kwanza kuingia ndani. Alitaka kuliona shamba. Tukawaacha watangulie, tukasikia sauti zao katikati ya mizabibu.

"Si hivyo, dada, unaumiza tawi."

"Usinifokee. Mimi ni marehemu."

Na Mzee Yeremia, ambaye tangu nimjue sikuwa nimeyaona meno yake, akacheka mpaka akaliangusha kreti.