Siku Niliyoendesha Nyumba Yetu

Tangu tuuze nyumba ya matofali tukahamia kwenye nyumba ya magurudumu, kazi yangu siku ya safari imekuwa moja tu, kuongea. Merle, mume wangu, ndiye anayechomoa umeme na maji, anayefunga tela kwenye pikapu, anayeendesha. Mimi hukaa pembeni yake na flaski ya kahawa, nikimweleza mambo anayoyaona kwa macho yake mwenyewe. "Ng'ombe wale, Merle." "Lori hilo, Merle." Yeye huguna. Ndoa yetu imedumu kwa mtindo huo.

Majira ya baridi yaliyopita, tukiwa Deming, kwenye kambi ya nyumba za magurudumu, Merle aliteleza kwenye ngazi ya mlango akavunjika bega. Daktari akamfunga mkono kifuani, akamkataza kugusa usukani hadi baridi iishe. Binti yetu Karlene, aliyeko Iowa, hakungoja hata pole zikauke.

"Mama, sasa basi. Todd atakuja na mwenzake waichukue hiyo tela, tuiuze. Chumba chenu cha chini nimeshakipaka rangi."

"Chini wapi?"

"Chini ya nyumba yetu, mama, kile cha ardhini. Kina joto. Na kidirisha kipo."

Nikamjibu kwamba Todd, mumewe, asijisumbue, nitaendesha mimi. Karlene alicheka mpaka akakohoa. "Wewe? Mama, wewe hata toroli la dukani unagonga nalo rafu!"

Sikubisha, maana lile rundo la makopo ya pichisi nililiangusha mbele yake. Lakini nilikasirika. Tukakubaliana hivi: tukifika kambi yetu iliyofuata, ya Benson, huko Arizona, salama na bila msaada wa mtu, asiitaje tena habari ya kuuza. Tukikwama njiani, Todd anakuja.

Sisi watu wa magurudumu tuna mwiko mmoja mkubwa: anayefunga tela hasemeshwi. Ukipita karibu yake, tikisa kichwa uende zako, kwa sababu neno moja tu linatosha kumfanya asahau kitu. Mwiko huo naujua sana, nimekumbushwa katika kila kambi tuliyokaa, mara nyingine kwa kunyooshewa kidole. Sasa asubuhi ile ya safari anayefunga alikuwa mimi, na mdomo wangu hauna breki. Jirani yetu Lorna Tidwell alikuwa anapita na mbwa wake, maskini, amefumba mdomo kwa heshima.

"Lorna! Umemwona dereva?"

"Nimekuona, shoga. Endelea na kazi yako."

"Njoo kwanza nikusimulie alivyosema Karlene."

Akaja. Nilimsimulia huku nikimwaga maji taka kwa ule mpira wake mrefu, nikamsimulia huku nikifunga valvu ya tangi, na tulipofika kwenye habari ya kidirisha ilibidi nisimame kabisa ili nimwoneshe kwa mikono udogo wake. Lorna alipoondoka nilijua kwa yakini kwamba nimemaliza kila kitu.

"Umemaliza?" Merle akauliza kutoka kwenye kiti chake.

"Mzee, mimi nimepikia shule nzima miaka na miaka. Tela ndiyo initoe jasho?"

Getini nilikata kona vibaya nikagonga pipa la taka, ila lilikuwa tupu. Baada ya hapo barabara ilinyooka na mambo yakanyooka nayo. Tena watu wakaanza kunishangilia! Lori moja likanipigia honi mara kadhaa. Mzee mmoja akaniwashia taa. Watoto kwenye gari la kijivu walinionyesha kwa vidole huku wakirukaruka kwenye viti. Nami nikawapungia wote, hakuna niliyemwacha.

"Unaona, Merle? Hawajazoea kuona mwanamke wa umri wangu akivuta nyumba."

Merle akatupa jicho kwenye kioo cha upande wake, akaguna.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilimwomba anitolee miwani yangu ya jua, ile nzuri, nikaivaa, nikakaa wima. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia Karlene, na hayakuwa maneno ya unyenyekevu.

Tulipofika mji wa Lordsburg tukaingia kituo cha mafuta. Hata sijazima injini vizuri, dereva wa lile lori la honi akaegesha nyuma yetu. Alikuwa binti mnene mwenye nywele za zambarau.

"Mama, nimekupigia honi mpaka nimechoka!"

"Nilikusikia, mwanangu. Ahsante sana."

"Ahsante ya nini? Hebu nenda kaangalie mkia wako."

Nikaenda. Mpira wa maji taka ulikuwa bado umechomekwa kwenye tela. Ulikuwa umelika kwa lami, umebaki kipande chenye waya na matambara ya plastiki. Nilikuwa nimekokota mpira wa choo jangwa zima huku nikipunga mkono kama bibi harusi.

Nilikaa kwenye ngazi ya mlango nikalia. Sikulia kidogo. Merle akaja akakaa kando yangu.

"Mpigie Karlene," nikamwambia. "Todd aje. Nimeshindwa."

"Niliuona," akasema.

"Uliona nini?"

"Mpira. Ulipokata kona pale getini, ulijitokeza kwenye kioo changu."

"Na ukanyamaza? Merle! Umeniacha nipungie watu wote wale?"

"Valvu ulikuwa umeifunga, hakuna kilichomwagika. Ningekuambia, ungesimama. Na wewe ukisimama kwa aibu, huwashi tena. Nakujua."

Nilikuwa nimekwishafungua mdomo nimtukane, lakini alikuwa hajamaliza, na Merle aliyebakiwa na la kusema ni kitu sijawahi kukiona.

"Chini ya ardhi nitakwenda siku yangu ikifika, Ardith. Sitaki kwenda kufanya mazoezi."

Hakuwa amesema neno hata moja juu ya chumba kile, tangu siku Karlene alipokitaja. Nilidhani aliyekuwa anakiogopa ni mimi peke yangu, na kwamba yeye popote atakapowekewa kiti ataguna tu. Nilimtazama na ule mkono wake uliofungwa kifuani, nikaona haya kubwa kuliko ile ya mpira.

Nikachomoa kile kipande, nikakitupa, nikanawa mikono hadi kwenye viwiko. Dukani nikanunua mpira mwingine. Kisha nikapanda, nikafunga mkanda, nikawasha.

Tulikuwa tunaingia barabarani simu yangu ilipolia. Jina la Karlene likatokea, na mkono wangu ukaenda wenyewe, kwa mazoea. Merle, ambaye simu ikilia hunisukumia mimi kama inaunguza, akawahi kuichukua kwa mkono wake mzima.

"Karlene," akasema, "mama yako hawezi kuongea sasa hivi. Anaendesha."