Swali Lililopitia kwa Mkwe

Miaka ile kaunti zilipoanza kupata miradi yake, nilipewa kazi Isiolo ya kukadiria ardhi ya mtaa wa Wabera ingetitia kiasi gani handaki la maji taka likipita chini ya nyumba za watu. Ni kazi ya kukaa. Ndani ya kompyuta unaigawa ardhi iwe miraba midogo kama ya daftari la hesabu, kila mraba unaupa uzito na ugumu wake, kisha unachimba hatua kwa hatua bila kushika jembe, ukiangalia mraba upi unaubebesha mwenzake mzigo. Wachimbaji waliniita madam wa kompyuta. Nilichimba handaki lile mara nyingi hadi nikalichukia. Stima ikipotea, nilianza upya.

Nyumba iliyoniumiza kichwa ilikuwa ya mama mmoja Mborana, mjane, vyumba viwili na jiko la mabati. Handaki lingepita chini ya jiko. Kompyuta ikisema ni salama, angebaki kwake. Ikikataa, ingebidi ahame kwanza, ardhi iimarishwe kwa saruji. Hakutaka kuhama. Yote yalitegemea udongo wa chini ya jiko lile, na udongo haujazi fomu, basi nikaenda kuuliza.

Niliambiwa Kiswahili chake ni kidogo. Mume wa binti yake alikuwapo, kijana mwenye adabu, nikamshukuru Mungu kwa kunipa mkalimani wa bure. Nikamwomba amuulize mama kama hapo pamewahi kuwa na choo cha shimo, kwa sababu Wabera choo kikijaa hufukiwa, na miaka ikipita watu hujenga juu yake. Kijana alikohoa. Akatazama chini, akasema maneno machache kuliko yangu. Mama akavuta mtandio usoni, akajibu kwa neno moja.

"Anasema hakuna," kijana akaniambia.

Mimi ni Mmeru. Kwetu pia mwanamume hataji habari za choo mbele ya mama mkwe. Hata salamu zao zina mipaka. Nilijua hilo tangu utotoni. Lakini jua lilikuwa kali, nilikuwa na nyumba nyingine za kumaliza, nikaandika "hakuna" na kwenda zangu. Mraba ule nikaupa ugumu wa ardhi isiyowahi kuguswa.

Wachimbaji walipofika pale, jiko lilizama asubuhi moja, na ukuta wa chumba cha kulala ukafuata. Mama alikuwa uani akianika nguo, hakuumia. Chini tulikuta majivu, chupa na udongo laini wa choo cha zamani. Nilirudi kwenye kompyuta nikalitia shimo lile, nayo ikanionyesha jiko likizama pale pale. Nilihisi uchovu ambao usingizi hauutibu.

Nilienda kumwomba msamaha. Alikuwa amehamia kwa binti yake, chumba kimoja, na mkwe humo humo. Nilimkuta ameketi nyuma ya pazia, sahani yake mapajani, akisubiri mkwe amalize kula na kutoka. Nilitoa salaam aleikum, akanifuata nje. Nikaanza kuongea polepole, kama mtu anayedhani haeleweki. Akanikatiza.

"Kiswahili yangu ni kidogo, madam," akasema, "lakini hiyo ya choo ningekuambia. Wewe ni mwanamke. Ungeniuliza tukiwa wawili."