Mkono wa Shangazi

Harufu ya vumbi la mahindi ndiyo iliyoniamsha kila asubuhi pale Majengo. Ilijaa uani, ikakaa kwenye nywele, kwenye chai, kwenye madaftari ya shule. Shangazi alikuwa mfanyabiashara wa nafaka, mjane asiye na mtoto, na baba yangu alipofariki alinichukua kwa mama kule Mvumi, eti nikasome mjini. Kusoma nilisoma. Lakini nikirudi kutoka shule geti lilifungwa kwa kufuli, na ufunguo ulilala kwenye pindo la kanga yake. Akienda Kibaigwa kununua mahindi nilibaki na magunia, nikisikia baiskeli zikipita nje, nikiwaonea wivu hata kuku wa jirani walioweza kupenya chini ya geti. Nililichukia lile geti.

Aliyenipunguzia kifungo ni dada Rehema, mpangaji wetu wa chumba cha uani, mtumishi wa serikali aliyewahi kusoma China. Kila alfajiri alifanya taichi, mikono ikielea na magoti yakipinda polepole kama mtu anayetembea ndani ya maji. Shangazi alidhani ni mazoezi ya mgongo, akaniruhusu nijifunze ili nisilalamike nikibeba madebe. Hakujua kwamba ule mkono unaopepea taratibu ni wa kuvunja kiwiko, na ile hatua ya madaha ni ya kumwangusha mtu chini. Dada Rehema aliniambia hayo akicheka, kisha akanikamata kifundo cha mkono. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, na kadiri nilivyovuta ndivyo nilivyobanwa. "Acha kushindana na anayekushika," alisema. "Mfuate. Isikilize ngozi yake, ujue uzito wake uko wapi. Halafu geuza mkono upande wa dole gumba lake, utoke." Tulirudia kiangazi kizima, upepo wa Dodoma ukitutia mchanga machoni, mpaka nikawa nateleza kama sabuni. Nikajiona nimeshatoka hata getini.

Siku mama alipokuja kunichukua, alileta mlenda mkavu na ubuyu, akakaa mkekani bila kumtazama shangazi usoni. "Wifi, naomba nirudi na mwanangu." Shangazi akajibu, "Wifi, mtoto ana shule," na maneno yakaishia hapo, maana mama hakuwahi kumbishia dada wa mumewe. Alinitazama tu, akasema teksi iko barabarani, atasubiri kidogo. Alipotoka aliacha geti wazi. Nikainuka. Shangazi akanidaka kifundo. Sikuvuta. Nilimfuata kama nilivyofundishwa, nikasikiliza, na hapo ndipo mafunzo yaliponiponza: ule mkono uliozoea kuburuta magunia haukuwa ukinivuta, na uzito wake wote ulikuwa umeniegemea mimi. "Nyemo," alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia, "nitabaki na nani?" Dole gumba lake lilikuwa limelegea. Ningeweza kutoka. Nilisimama pale pale nikilia kwa hasira, mpaka nikasikia teksi ikiondoka.

Leo Dodoma imejaa lami na maghorofa, na geti letu halina kufuli. Ufunguo ulipotea na hakuna aliyehangaika kuutafuta. Mama alishafariki. Shangazi haoni vizuri, hunishika kifundo kile kile nikimpeleka bafuni, na majirani husema nina moyo mwema. Nampenda, lakini nyumba ile bado inanibana kifua. Binti yangu nimemfundisha taichi uani hapo hapo. Mwezi uliopita alikuwa anaondoka kwenda chuo Mwanza, na pale stendi, begi limeshapakiwa, nilijikuta nimemdaka mkono na simwachii. Hakuvuta. Alinisogelea, akatulia, nikajua ananisikiliza na kwamba anasikia kila kitu. "Mama, bibi anakusubiri nyumbani," akasema kwa upole. Akageuza mkono upande wa dole gumba langu, akapanda basi.