Sahani Tupu ya Awoowe Gedi

Ipo siku moja ya Ramadhani, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa. Mume wangu akinisikia atanuna, basi anune. Wewe kaa hapo kitandani. Kesho unatoka jikoni unaanza kazi upande wangu, na kabla sijakukabidhi mzee hata mmoja nataka ujue kwa nini mimi huingiza kidole kwenye sahani za watu na kuchungulia chini ya madirisha. Najua mnanicheka kule jikoni. Nimewasikia.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, ndiyo kwanza nimeajiriwa katika nyumba ya kutunza wazee hapa Garissa. Si hii, ni nyingine iliyokuwa upande wa barabara ya Balambala, ilishafungwa. Siku zile watu walikuwa wakipita getini wanageuza uso. Kwetu sisi Wasomali mzee hulelewa na wanawe mpaka anaingia kaburini, na anayempeleka mzazi wake kwa watu baki huonekana amemtupa. Kwa hiyo tulifanya kazi tukiogopa mambo mawili, mzee kutufia mikononi na maneno ya mji. Nitakuambia ukweli, mara nyingi ni ya mji tuliyoyaogopa zaidi.

Palikuwa na mzee tukimwita Awoowe Gedi. Awoowe kwetu ni babu, na ukimwita babu "awoowe", naye anakujibu "awoowe", ndivyo tunavyoitana. Alichunga ngamia Tarbaj maisha yake yote, mpaka ugonjwa wa sukari ukamla kidole cha mguu na macho yakafifia. Alibaki na binti mmoja, Habiba, mfanyabiashara wa mifugo, leo yuko soko hili, kesho lile, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumchoma baba yake sindano. Alimleta huku analia. Alituomba kitu kimoja tu, baba yake asiachwe peke yake.

Sasa hiyo sindano ya sukari uiogope, mwanangu. Mzee akiwa amekula, inamsaidia. Akiwa hana kitu tumboni, inashusha sukari mpaka ubongo wenyewe unakosa chakula. Ndiyo maana utaratibu ulikuwa mhudumu apeleke chakula, akae na mzee mpaka amalize, aandike daftarini, ndipo nesi achome. Nesi wetu alikuwa Sista Mwanaidi, mtu wa Masalani, mmoja peke yake na wazee kumi na wanane. Asingeweza kuzunguka akikagua midomo ya watu. Aliamini daftari, na daftari nilikuwa mimi.

Ramadhani ilipokaribia, daktari alimkataza Awoowe Gedi kufunga. Imamu naye akaja, akamweleza taratibu kwamba mgonjwa kama yeye Mungu amemsamehe. Mzee akainamisha kichwa, akasema sawa. Nami nikaiamini ile sawa.

Asubuhi ya mfungo wa kwanza nilimpelekea anjera tatu, ile mikate yetu laini, na kikombe cha chai ya maziwa. Mimi nimefunga. Wazee wa chumba cha pili wamefunga. Na yeye, mtu mzima mwenye ndevu za hina, aliyekuwa akiwaswalisha wenzake, alitakiwa ale mchana mbele ya msichana. Aliushika ukingo wa sahani tu, mkono hauendi. Nilimwonea haya. Kwetu kumkodolea macho mzee anayekula mchana wa Ramadhani ni kama kumvua nguo. Nikamwambia, "Awoowe, kula kwa raha yako, mimi niko nje."

Akasema, "Mungu akulipe, awoowe."

Nikavuta pazia, nikatoka. Nakwambia nilijiona nina adabu kweli! Niliporudi sahani ilikuwa tupu na kikombe kimekauka. Nikaandika "amekula yote", nikaenda kwa mwingine. Sista Mwanaidi akasoma, akachoma.

Karibu na adhuhuri joto lilikuwa limewalaza wote. Unalijua joto letu, hata nzi hutafuta kivuli. Nilipita chumbani kwake nikamkuta amelala ubavu, shati limelowa chepechepe. Nikasema moyoni ni jasho tu, hata mimi nimelowa. Nikachukua kitambaa nimfute paji la uso, nikaona ni la baridi. Nikamwita, "Awoowe." Hakujibu "awoowe". Macho yalifunguka nusu, midomo ikatetemeka, na sauti iliyotoka haikuwa maneno.

Hapo ndipo nilipomwona mbuzi. Alikuwa amesimama dirishani, miguu ya mbele ukutani, anachungulia ndani akingoja aongezewe. Nikasogea. Chini ya dirisha palikuwa na kipande cha anjera kimekauka mchangani, na ukutani mchirizi wa chai.

 Nilielewa yote papo hapo. Mzee amefunga, kifungua kinywa amekula mbuzi, na sindano imeingia kwenye tumbo tupu kwa sababu ya maneno yangu mawili.

Unadhani nilikimbia kumwita nesi? Nilikimbilia daftari.

Usinitazame hivyo. Nimekuambia nitasema ukweli. Niliwaza nitafukuzwa. Niliwaza mji utasema, mnaona, tulijua watawaua. Nikaufikiria uso wa Habiba. Kila kitu nilikiwaza isipokuwa yule mzee anayezimika kitandani. Nikafungua ukurasa, nikashika kalamu, nikawa nakata "amekula" ili niandike "amekataa", wino unachafua karatasi. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Nimezihesabu miaka yote hii, na kila nikizihesabu zinaongezeka.

Sista Mwanaidi akatokea mlangoni. "Unafuta nini?"

Akaja karibu, akaona kalamu, akaona mkono wangu. "Nakuuliza, unafuta nini?"

"Awoowe Gedi hakula."

Hakungoja neno la pili. Sijawahi kuona mtu mnene akikimbia vile. Mishipa ya mzee ilikuwa imezama, sindano ya kwanza ikakosa, ya pili ikakosa, mimi nimeushika mkono wake ule mkavu nikisema ya Rabi, ya Rabi, basi. Ya tatu ikaingia, akamtilia maji ya sukari polepole. Baada ya muda macho yakafunguka. Nikaanza kulia kwa furaha, Sista akaniambia ninyamaze, bado hatujui kilichobaki ndani ya kichwa.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Aliniambia tu kwamba Habiba ameshapigiwa simu, yuko njiani anatoka Balambala. "Na utamweleza wewe," akasema, "yote, pamoja na kalamu."

Kuanzia saa ile mpaka alasiri nilikaa kwenye kiti cha getini. Mara mbili niliinuka nikachukua mkoba wangu niende zangu, nisirudi tena. Habiba alipofika, buibui limejaa vumbi, nilimwita eeddo, yaani shangazi, nikamwambia yote nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilitegemea kofi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Ulimwona akila?"

"Sikumwona, eeddo. Niliona haya. Nilimvutia pazia."

"Pazia hata nyumbani ninalo," akasema. "Nilimleta hapa apate mtu."

Akanipita, akaingia ndani kwa baba yake.

Awoowe Gedi aliishi miaka miwili baada ya siku ile. Lakini hakuwa yule tena. Mzee aliyekuwa akiwaswalisha wenzake alikuwa akianza sura ya Alhamdu, anafika katikati, anasimama, ananigeukia na yale macho yenye ukungu. Mimi namtajia neno linalofuata. Anaendelea, anasimama tena, namtajia tena. Akimaliza ananiombea dua kwa kumsaidia. Mwenyewe alifunga kwa kumwogopa Mola wake, na sijui kama aliwahi kukumbuka ni nani aliyevuta lile pazia. Habiba alikuja kila Ijumaa, alikaa pale anasikia nikimtajia.

Basi ndiyo nasaha yangu, nyingine sina. Ukimpelekea mzee chakula, kaa. Akiona haya usimkodolee macho, kaa ubavuni kwake, piga naye soga za ngamia na mvua, huku unaangalia mkono unavyokwenda mdomoni. Ulichokiona kwa macho yako ndicho uandike. Na ukikosea, maana utakosea, piga kelele kwanza. Daftari halikimbii.

Ramadhani inaingia wiki ijayo. Chumba cha tatu yuko bibi mwenye sukari, na jana imamu alimweleza asifunge. Akainamisha kichwa, akasema sawa. Ile sawa naijua mimi. Sahani yake nakupa wewe, na nitakuja nyuma yako na kidole changu, mnicheke mkitaka.

Mungu akuepushe na kalamu ile niliyoishika mimi. Akuamshe kila asubuhi ukiwa na hofu kidogo, isikutoke mpaka ustaafu. Na siku ukizeeka, mwanangu, akuletee mtu wa kukaa nawe mpaka umalize kula. Amina.