Fundi wa Lifti Aliyekataa Kuruka

Mume wangu ametengeneza lifti kwa miaka thelathini na nne na hajawahi kuanguka hata mara moja. Amesimama juu ya lifti kwenye ghorofa ya kumi na saba, gizani, tochi mdomoni, kamba za chuma zikipita karibu na sikio lake, kisha akarudi nyumbani mzima wa afya akiulizia chai. Siku moja akapanda stuli ya jikoni kubadilisha balbu, akaanguka na kuvunjika kifundo cha mguu. Mpanda ngazi hushuka, wanasema, lakini stuli ile hata ngazi haikuwa.

Kazini wanamwita Sawasawa. Lifti ikisimama, kabla ya kutoka, yeye hupitisha kwanza ncha ya kiatu pale sakafu ya lifti inapokutana na sakafu ya ghorofa. Kiatu kikikwama hata kidogo, kazi haijaisha. "Tofauti ya unene wa kidole," atakwambia, hata kama hukumuuliza, "inatosha kumwangusha bibi mwenye mkongojo." Tukienda hospitali kumjulia hali mgonjwa, hupitisha kiatu chake huku watu wamejaa nyuma yetu wakisubiri kutoka, na mimi hujifanya simjui.

Daktari alimpa wiki nane za kukaa nyumbani. Mimi nimestaafu ualimu tangu mwaka juzi, kwa hiyo wiki hizo nane zilikuwa zangu pia. Siku nne za kwanza alinisimamia. Mlango wa kabati unalia, sufuria nimeifunika vibaya, pazia limekaa upande. Nikaona nikiendelea kumvumilia nitamvunja na mguu wa pili. Nikamkokota hadi chumbani kwa binti yetu, nikamkalisha mezani mbele ya kompyuta ya zamani aliyoiacha, nikamwambia asome habari za ulimwengu na aniache nipumue.

Sasa hapo kwenye habari za binti ndipo penye kidonda. Ni mtoto wetu wa pekee. Alisomea kompyuta, akapata kazi nzuri katika kampuni ya bima, na baba yake alikuwa akimtaja hata kwa wauza mboga. Halafu siku moja akaja, akakaa kwenye kochi, akatuambia ameacha kazi. Anataka kutengeneza michezo ya kompyuta, ile midogomidogo, yeye mwenyewe, chumbani kwake.

"Nimemsomesha mtu," baba yake akasema, "ili aje kutengeneza vikatuni vya kurukaruka?"

"Na wewe umewapandisha watu na kuwashusha miaka yote hii, baba. Umewahi kuwauliza wanakwenda wapi?"

Ningekuwa na uwezo ningemfunga mdomo kwa mkono. Mume wangu alisimama akasema, "Basi usinipigie simu mpaka upate kazi." Na binti, kwa kuwa ni mtoto wa baba yake kuanzia ukucha hadi utosi, akatii. Miezi kumi na minne hakumpigia. Alinipigia mimi. Nikawa mjumbe: mwambie baba dawa za presha asiache, mwambie mwanao alipe kodi ya nyumba kwa wakati. Wote wawili walikuwa wakipendana kupitia masikio yangu, na masikio yangu yalikuwa yamechoka. Sitaficha nilichokuwa nikiogopa. Mume wangu ana presha, ana miaka hamsini na tisa, na niliogopa kwamba siku moja nitampigia binti yetu simu kumpa ujumbe wa mwisho, nao ukiwa bado haujasema neno lililotakiwa.

Basi siku ile nilimwacha kwenye kompyuta. Baada ya saa moja nikasikia anafoka. Nikadhani ni siasa. Nilipoingia, nikamkuta ameikodolea macho picha ya kijiko cha chai chenye miguu miwili.

"Hiki kijinga kimeanguka tena," akasema.

Alikuwa amebonyeza mahali pasipo habari. Ulikuwa mchezo mmoja kati ya ile ambayo binti yetu aliihifadhi humo, na sheria yake hata mimi niliielewa kwa kutazama. Kuna kijitu, kuna vibao vinavyoelea hewani, unaruka kutoka kibao hiki hadi kile. Ukikosea unaanguka, unaanza tena. Kijiko kilikuwa kinapanda makabati ya jiko kubwa kurudi kwenye droo yake. Vingine kati ya vibao vile vilikuwa vikipanda na kushuka vyenyewe.

"Unaona hizi?" akaniambia, kidole kwenye kioo. "Hizi ni lifti. Hazina mlango, hazina kikomo, hazina lolote. Nani aliyezikagua akazipitisha?"

Alikimaliza kile kijiko jioni ileile. Mchezo mzima, alisema, ni mfupi kuliko mkutano wa wapangaji. Kesho yake akafungua mwingine, wa tarishi katika mji wenye upepo, ambamo huruki unapotaka wewe bali upepo unapokubali. Huo alitukanana nao siku mbili. Halafu ukaja wa mama aliyepoteza miwani: kila kitu ni ukungu, unaruka kwa kukisia, na ukiipata tu miwani mji wote unang'aa na unagundua ulikuwa unaruka juu ya bustani. Hapo mume wangu aliniita nikiwa na mikono ya unga. "Njoo uone, mama. Njoo haraka." Nikaona bustani. Nikamwona na yeye, akitabasamu peke yake, na sikumbuki mara ya mwisho nilipoliona tabasamu lile.

Kisha akagundua ukurasa ambapo watengenezaji huiweka michezo yao na wachezaji huandika maoni chini yake. Akamwandikia mwenye kijiko: lifti ya kabati la juu inaondoka kabla abiria hajakaa sawa, rekebisha. Kabla ya saa kuisha akajibiwa: asante sana, nimerekebisha. Mume wangu alilisoma jibu lile mara tatu. Miaka thelathini na nne anawaandikia wenye majengo, akasema, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumjibu kabla mtu hajakwama ndani.

"Lakini mbona mwishoni jina ni moja?" akaniuliza. "Hao wengine wako wapi? Aliyechora, aliyepiga muziki?"

"Labda ni huyohuyo mmoja," nikasema. "Binti yako si alikueleza? Wengi wao hufanya peke yao."

Kisha akasema, si kwangu hasa, "Sisi haturuhusu mtu kuingia kwenye shimo la lifti peke yake. Mmoja akiwa juu, mwingine lazima awe chini anamsikiliza. Ukimkuta fundi yuko peke yake unamtoa, hata kama kazi haijaisha." Nilikuwa na neno kwenye ncha ya ulimi, nikalimeza. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini na maneno mengi hayamgeuzi mwanamume mkaidi.

Nilichofanya ni kwenda jikoni na kumpigia binti yetu. Nikamweleza kila kitu, kijiko na miwani na upepo.

"Baba anacheza?"

"Anacheza. Na anakagua."

Siku ya pili akanitumia mchezo wake. Zilikuwa zimebaki wiki tatu autoe kwa watu. "Mpe ajaribu, mama, ila usimwambie ni wangu." Mimi na siri hatujawahi kukaa nyumba moja. Niliufungua nikamwambia palepale, "Huu ni wa mwanao." Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua akaifuta tena. Kisha akaanza.

Ulimhusu mama mfagiaji aliyebaki ndani ya jengo refu umeme ulipozimika, na sasa anatafuta njia ya kutokea. Ana ndoo, ana fagio, anaruka kwa kuegemea fagio lake. Hatua ya kwanza aliimaliza bila kusema neno. Ya pili vilevile. Ya tatu alicheka kwa sauti, ndoo ilipomwagikia paka. Katika hatua ya nne akakwama.

Hapo ngazi zinaishia kwenye ukuta. Kuna mlango mmoja tu, wa lifti, nao uko wazi, na ndani hamna lifti. Ni shimo jeusi. Alijaribu ukuta, akajaribu madirisha, akarudi ngazi zote hadi mwanzo kutafuta mlango alioupita. Siku tatu. Mguu juu ya mto, chai inapoa, na yule mama mfagiaji amesimama kwenye ukingo na ndoo yake.

"Mwambie mchezo wake umeharibika," akasema.

Nikapiga simu. Binti akasema, "Mwambie haujaharibika. Aruke."

"Mwambie mlango wa lifti haufunguki kama lifti haipo. Una kufuli. Kila fundi anajua."

"Mwambie najua. Aruke tu, mama, watu wote wanaruka."

Nikarudi na ujumbe huo. Akageuka akanitazama. "Mwambie," akasema taratibu, "nimezika wenzangu wawili walioingia mlango kama ule."

Nilisimama katikati ya ukumbi na simu mkononi, binti yangu akisubiri upande mmoja na mume wangu akisubiri upande wa pili, na nikahisi hasira ambayo sikujua ninayo. Ujumbe kama ule haubebwi na mtu mwingine. Nikaingia chumbani, nikaiweka simu mezani mbele yake, nikaongeza sauti ili wote wasikike.

"Mimi nimestaafu," nikasema. "Semezaneni."

Kisha binti akasema, kwa sauti ndogo, "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akakohoa. "Huko chini kuna nini?"

"Unajua kilichoko."

"Nitajuaje? Mchezo ni wako."

"Ni shimo la lifti, baba. Chini kabisa ya shimo la lifti huwa kuna nini?"

Nilimwona anafikiri. Mkono wake ulikuwa umeachia vitufe.

"Springi," akasema.

"Ulinipeleka nikiwa na miaka tisa. Nilikuwa naogopa kupanda lifti ya kwa shangazi, ukanipeleka kazini kwako, tukashuka mpaka chini ukanimulikia. Ukaniambia kila shimo lina springi chini, mtu haoni lakini ziko."

"Zile hazimwokoi mtu. Zinapunguza kishindo tu."

"Nilikuja kujua nilipokua. Lakini usiku ule nililala vizuri." Akacheka kidogo. "Watu wote waliojaribu wamejitupa tu, bila hata kufikiri. Mtu pekee anayejua kilichoko chini ndiye amekataa kuruka."

Mume wangu alivuta pumzi. Nilikuwa nimeshika mgongo wa kiti chake, sijui kwa nini, kama vile ni yeye anayekwenda kuanguka. Akabonyeza. Mama mfagiaji akaingia gizani na ndoo yake, ghorofa zikapita moja baada ya nyingine, kumi na mbili, kumi na moja, kumi, ule mdundo wa muziki ukakoma, kikabaki kimya. Kisha zikatokea springi nne kubwa, zimepakwa rangi ya njano kama zilivyo kweli, zikampokea, zikabonyea, zikamrusha taratibu hadi pembeni palipokuwa na mlango mdogo wenye mwanga.

Hakusema ni mzuri. Namjua, nisingetarajia. Alisema, "Lifti ya hatua ya pili, ile ya jenereta, haisimami sawa na sakafu. Imezidi kwa kidole."

"Hakuna mwingine aliyeliona hilo."

"Mimi nimeliona. Nani anakukagulia kazi?"

"Hakuna, baba. Niko peke yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Mume wangu aliitazama ile simu kana kwamba binti yupo ndani yake. Alipozungumza, alitumia sauti ileile ya kazini, ya kumpa mwenye jengo taarifa ya hitilafu.

"Kosa lilikuwa langu," akasema.

"La kutoruka? Hapana, hilo nitalirekebisha, nitaweka alama pale mlangoni ili mtu—"

"Sizungumzii mchezo, mwanangu. Nazungumzia siku niliyokuambia usinipigie."

Upande wa pili binti yetu alianza kulia. Nikaiacha simu pale mezani, nikatoka, nikaufunga mlango.